Sarufi ya Mgeni

Mwanafunzi wa Kifaransa akishavuka salamu na kuhesabu, huanza kuuliza maswali yale yale, awe Nairobi, Bujumbura au Muscat. Kwa nini meza ni ya kike? Kwa nini j'ai mangé, lakini je suis allé? Kwa nini tuandike la lettre que j'ai écrite kwa e ya ziada mwishoni, na hapo hapo tuandike j'ai écrit une lettre bila e hiyo? Kitabuni ni je ne sais pas, mtaani ni je sais pas. Ne imekwenda wapi? Maswali haya huwachosha walimu wengi, na jibu la mkato huwa tayari: ndivyo Wafaransa wanavyosema. Jibu hilo si uongo. Lakini yupo fundi ambaye halimtoshi, na ndiye ninayetaka kumsifu hapa: yule anayelipokea swali la mwanafunzi, akalitafutia mifano, akatenganisha sababu na mazoea, akaonyesha kanuni inafika wapi na inakomea wapi. Nadai kwamba ufundi huo haukuja kukipamba Kifaransa baada ya sarufi yake kukamilika. Ndio uliokipa sarufi yenyewe, na kwa sehemu kubwa ulianza kwa watu wa nje.

Ushahidi wa kwanza uko katika tarehe. Sarufi kubwa ya kwanza ya Kifaransa haikuandikwa na Mfaransa. Ilitolewa mwaka 1530 na John Palsgrave, Mwingereza aliyemfundisha Kifaransa Mary Tudor, dada wa mfalme Henry wa Nane, ambaye mwaka 1514 aliozwa kwa mfalme Louis wa Kumi na Mbili wa Ufaransa. Kitabu kina jina la Kifaransa, Lesclarcissement de la langue francoyse, lakini ndani maelezo ni ya Kiingereza, kwa kuwa msomaji wake ni mtu asiyekijua Kifaransa. Mwaka uliofuata Jacques Dubois, huyu sasa Mfaransa, akatoa sarufi yake, nayo akaiandika kwa Kilatini. Ikabidi kungoja hadi 1550 ndipo Louis Meigret, mtu wa Lyon, alipoieleza sarufi ya Kifaransa kwa Kifaransa chenyewe. Na Palsgrave naye alikuwa na waliomtangulia: katika karne ya 13 Walter wa Bibbesworth alitunga huko Uingereza beti za kuwafundisha watoto wa makabaila msamiati wa Kifaransa, na mwanzoni mwa karne ya 15 kikatokea huko huko kijitabu cha sarufi kiitwacho Donait françois, alichokiagiza John Barton. Kwa hiyo, wakati Wafaransa walipoketi kujiuliza lugha yao imeundwaje, majirani walikuwa wameshauliza kwa zaidi ya karne nzima.

Hakuna siri katika hili. Mwenyeji hahitaji kuambiwa kwamba table ni ya kike, na kwa sababu hahitaji kuambiwa, hajui kwamba analo jambo la kueleza. Waswahili walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika sarufi methali hii ni kweli tupu, maana swali la mgeni humlazimisha mwenyeji kuona alichokuwa akikitumia bila kukitazama. Kiswahili nacho kimepitia njia hiyo, tena kwa mkono wa Mfaransa. Padri Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu alifika Zanzibar mwaka 1879, akaanza kuuliza. Alikuwa mkusanyaji kwa tabia, wa mimea na wa maneno, na mwaka 1909 akatoa sarufi ya lahaja za Kiswahili. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Wataalamu wa lahaja za pwani bado wanaifungua. Majina ya wenyeji waliomjibu hayako kwenye jalada, na hilo ni deni ambalo elimu ya lugha haijalilipa. Lakini bila swali la padri, mengi waliyoyajua yasingeandikwa.

Ufundi huu una mbinu zake, na mmoja wa walioziweka wazi ni Claude Favre de Vaugelas, mtu wa pembeni naye pia: alizaliwa Meximieux mwaka 1585, eneo hilo likiwa bado chini ya watawala wa Savoie. Kitabu chake cha mwaka 1647, Remarques sur la langue françoise, hakina sura za nomino na vitenzi. Ni mfululizo wa mashaka, kila shaka na jibu lake, kana kwamba mtu yuko mlangoni anauliza. Vaugelas alijiita shahidi, hakutaka kuitwa hakimu. Tena alitoa ushauri ambao mtafiti wa leo angeutia mfukoni: ukitaka kujua matumizi ya kweli, waendee wanawake na watu wasiosoma Kilatini wala Kigiriki kabla ya wasomi, na usiwaulize waziwazi. Ukimwuliza mtu neno hili husemwaje, ataanza kufikiri, na akishafikiri ushahidi umeharibika. Mzungushe kwa habari nyingine mpaka neno limtoke lenyewe. Ni kweli kwamba shahidi huyu alijichagulia pa kusimama. Matumizi mema kwake yalikuwa ya watu teule wa ikulu ya mfalme, na mkulima wa Auvergne hakuulizwa kitu. Nitairudia kasoro hiyo.

Linganisha sasa taasisi na fundi. Académie française, iliyoundwa na kardinali Richelieu mwaka 1635, ilipewa pamoja na kazi ya kamusi jukumu la kutunga sarufi. Sarufi hiyo ilitoka mwaka 1932, karibu miaka 300 baadaye, na mwanaisimu Ferdinand Brunot akaandika kitabu kizima cha kuzichambua kasoro zake. Miaka minne tu ikapita. Mwaka 1936, katika mji mdogo wa Gembloux nchini Ubelgiji, mchapishaji Duculot akatoa Le Bon Usage, kazi ya Maurice Grevisse, mwalimu wa shule, mtoto wa mhunzi wa kijiji cha Rulles. Hicho ndicho kitabu ambacho watu wa Paris wenyewe hukifungua wakibishana. André Gide alikisifu hadharani baada ya vita, na baada ya Grevisse kufariki mwaka 1980 kiliendelezwa na mkwewe, André Goosse, hadi kikapita kurasa 1,500. Nguvu yake haitoki kwenye cheo cha mwandishi, maana hakuwa nacho. Inatoka kwenye mifano. Grevisse akikuambia kwamba après que haifuatwi na hali tegemezi (subjonctif), anakuwekea waandishi wanaotii, kisha anakuwekea, bila kuficha, waandishi wakubwa wanaoasi. Msomaji anaiona kanuni, anaona na nyufa zake.

Lakini sifa za vitabu zisinisahaulishe ufundi unaofanyika darasani. Chukua swali linaloogopwa kuliko yote, la partisipi, yaani lile umbo la kitenzi linalokaa baada ya kitenzi kisaidizi: écrit, vu, pris. Kanuni inasema kwamba pamoja na avoir umbo hilo hupatana na yambwa, yaani kinachotendwa, ikiwa imetangulia, na yambwa ikija nyuma hakuna upatanisho. Jibu la kihistoria lipo. Kilatini kilikuwa na muundo uliomaanisha kitu kama “ninayo barua iliyoandikwa”, ambamo “iliyoandikwa” ilikuwa sifa ya barua na ilipatana nayo kama sifa yoyote. Baadaye avoir ikaacha maana ya kumiliki, ikawa alama tu ya wakati uliopita, na upatanisho ukalegea. Katika karne ya 16 mshairi Clément Marot aliwatungia wanafunzi wake beti za kuwaambia kwamba neno lililotangulia ndilo litawalalo, akiwapa Kitaliano kuwa kielelezo. Haya yote ni sahihi. Ila kwa mwanafunzi anayesema Kiswahili lipo jibu lililo karibu zaidi, na fundi hodari hutafuta lililo karibu. Sisi husema “nimeandika barua”, kitenzi hakina alama ya barua. Barua ikitangulia, tunasema “barua hii nimeiandika”, na ile -i- ndani ya kitenzi inairudia barua kwa ngeli yake. Zikiwa nyingi, “nimeziandika”. Mfaransa anafanya jambo la jamaa hiyo kwa mkia wa neno: les lettres que j'ai écrites. Mwanafunzi akiliona hilo mara moja, haoni tena ile es kuwa adhabu.

Ufundi hauishii hapo, kwa sababu mwanafunzi mwerevu atarudi na elles se sont vues, yenye upatanisho, na elles se sont écrit, isiyo nao. Vitenzi vyote viwili vinahusu wanawake wawili wanaotendeana. Mbona kimoja kipate es na kingine kikose? Vitabu hujibu kwamba se ya kwanza ni yambwa tendwa na ya pili ni yambwa tendewa, kwa kuwa mtu humwona mtu lakini humwandikia mtu. Jibu la kweli, lakini kavu. Sasa yasikilize maneno kwa Kiswahili: wameonana, wameandikiana. Katika la pili kuna -i- ya kutendea iliyojipenyeza kabla ya -an-, na hiyo ndiyo tofauti ambayo Mfaransa anaipima kimyakimya. Jaribu mengine. Elles se sont aidées, wamesaidiana: hakuna kutendea, upatanisho upo. Elles se sont téléphoné, wamepigiana simu: kutendea kupo, upatanisho hakuna. Elles se sont souri, wamechekeana: vilevile. Mtu aliyelelewa na Kiswahili anabeba ndani ya sikio lake kipimo cha jambo ambalo mtoto wa Paris hulikosea shuleni mpaka ndevu zinaota. Na hapa ndipo fundi anapotofautiana na mwuza njia za mkato, maana lazima aseme pia kipimo kinapovunjika. Elles se sont menti haina upatanisho, kwa sababu Kifaransa humdanganyia mtu, mentir à quelqu'un. Sisi tunasema wamedanganyana, bila -i- yoyote. Wafalme waliofuatana ni les rois se sont succédé, tena bila s, na Kiswahili hakionyi lolote. Vilevile alama yetu ya yambwa huja hata pasipo kutangulia neno, mtu anapohusika: nimemwona mama. Kifaransa hakifanyi hivyo. Mwalimu anayetoa kipimo bila mipaka yake amemwachia mwanafunzi kosa jipya.

Kuna maswali mengine ambayo msemaji wa Kiswahili hana haja ya kuyauliza. Mwingereza husumbuka na j'habite ici depuis 2010, kitenzi kikiwa katika wakati uliopo. Sisi tunasema “naishi hapa tangu 2010” na hatuoni ajabu. Hali tegemezi inatufaa nusu ya safari: nataka uje, je veux que tu viennes, ni lazima niende, il faut que j'aille, na natumaini atakuja inakwenda sawa kabisa na j'espère qu'il viendra, mahali ambapo wengi huteleza. Nusu ya pili inatuacha. Tunasema sidhani kama atakuja, na ingawa ni mgonjwa, bila -e ya mwisho, lakini Kifaransa kinadai je ne crois pas qu'il vienne na bien qu'il soit malade. Inaelekea kwetu -e inashika amri, matakwa na wajibu, nao wameisogeza hadi kwenye shaka na kukiri. Na kwa le, un na du hatuna msaada wowote. “Nala mkate” inafunika je mange le pain, un pain na du pain, na mwalimu anayedai kuna njia ya mkato hapo anajidanganya. Ni kusoma na kusikia mengi, basi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya sifa zangu ni kwamba haya yote hayahitajiki. Mtu hujifunza lugha kwa kuisema. Wamo mjini Lubumbashi watu wanaoruka kutoka Kiswahili hadi Kifaransa katikati ya sentensi bila kuwahi kusikia habari za yambwa tendewa. Kweli. Ila wengi wao walianza wangali wadogo, na lugha ikiwazunguka kutwa. Mtu mzima anayejifunza jioni mara mbili kwa juma hana muda wa kungoja mifano elfu imfundishe pole pole jambo ambalo sentensi tatu zilizochaguliwa vizuri zinaweza kumfungulia. Tena maandishi yana sheria ambazo sikio halizifundishi kamwe: vu, vue, vus na vues hutamkwa sawa katika Kifaransa cha kawaida, na mtu anaweza kukaa Ufaransa maisha yake yote akisikiliza asizitofautishe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Lugha haina sababu, wanasema. Ni mazoea, na anayetoa sababu anazibuni. Nakubali kwamba hatari hiyo ipo, na walimu wengi wameiingia, hasa katika jinsia ya nomino, wakieleza kwamba mwezi ni wa kike kwa kuwa hivi na jua ni la kiume kwa kuwa vile. Lakini kukosa sababu ya aina moja si kukosa mpangilio. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Montréal, Tucker, Lambert na Rigault, walichapisha uchunguzi wao kuhusu wasemaji wa Kifaransa na jinsia ya nomino, wakiwemo watoto waliopewa maneno ya kubuniwa, ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia. Watoto hawakubahatisha, waliongozwa na miisho. Neno la -tion ni la kike, isipokuwa kwa nadra, kama bastion. La -ment ni la kiume, ingawa jument, farasi jike, ana udhuru wake. La -age ni la kiume, lakini page, plage, image, cage, nage na rage zinakataa. Kwa hiyo jibu la swali “kwa nini meza ni ya kike” halimo ndani ya meza. Mara nyingi limo katika sauti ya mwisho ya neno, na table, kwa bahati mbaya, ni mfano mbaya kabisa wa kuanzia, kwa sababu mwisho wake hausemi kitu.

Na yapo maswali ambayo sababu yake ni historia tupu, nzuri kuisimulia. Ile ne iliyopotea mtaani ndiyo iliyokuwa ukanushi wote hapo zamani. Kwa kuwa ni silabi nyepesi, watu waliitia nguvu kwa majina ya vitu vidogo: sitembei hatua, pas, sili chembe ya mkate, mie, sinywi tone, goutte. Hatua ikashinda wenzake, ikaacha kumaanisha mwendo, ikawa kikanushi. Baada ya hapo ne haikuwa na kazi, na wasemaji wakaanza kuiacha. Otto Jespersen, Mdenmaki, aliueleza mzunguko huu mwaka 1917 kwa kulinganisha lugha kadhaa. Kwetu pia ukanushi una kingo mbili, ha- mwanzoni na -i mwishoni, hasomi, ijapokuwa katika hakusoma ukingo wa pili hauonekani. Mwanafunzi aliyepewa maelezo haya anajua kwamba je sais pas si uvivu wa vijana wa leo, na anajua pia kwamba barua ya maombi ya kazi bado inaidai ile ne.

Limebaki deni la Vaugelas. Mtu anaweza kusema kwamba sarufi ya Kifaransa ni lango lililojengwa na ikulu ili kuwachuja watu, na kwamba kumsifu fundi wa kanuni ni kumsifu bawabu. Historia inampa haki kiasi. Serikali ya Ufaransa yenyewe ilikiri jambo hilo ilipotoa mwaka 1901, kisha 1976, orodha za mambo yasiyopaswa kuhesabiwa makosa katika mitihani, na marekebisho ya tahajia yakafuata mwaka 1990. Orodha hizo walimu wengi hawakuzifuata. Mwaka 2018 Wabelgiji wawili, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, walipendekeza hadharani kwamba partisipi pamoja na avoir iachwe bila upatanisho, popote yambwa ilipo. Watazame vizuri waliotoa hoja hiyo: wote wawili wamefundisha Kifaransa, na hoja yao inasimama juu ya historia ile ile ya Kilatini, Kitaliano na Marot ambayo mafundi wa sarufi waliifukua. Anayejua kanuni imetoka wapi ndiye anayeweza kuishtaki. Aliyeambiwa tu kwamba ndivyo ilivyo hana pa kuanzia.

Pendekezo hilo halijabadilisha mtihani. Mwalimu wa Mombasa au Kigali hawezi kulipitisha peke yake, na wanafunzi wake watapoteza alama wakiiacha e ya écrite. Atawafundisha basi kanuni, atawaambia kwamba wenye lugha wanabishana juu yake, atawapa kipimo cha kuonana na kuandikiana pamoja na mahali kinapowaangusha. Na mmoja akinyoosha mkono kuuliza kwa nini amour, délice na orgue ni ya kiume yakiwa katika umoja na ya kike yakiwa katika wingi, atamweleza yalivyofika hapo kwa kadiri inavyojulikana, kisha atamwambia ayakariri.